Kunguru Bubu wa Mwasiti

Kunguru wa kwanza kusema alitua juu ya paa la Mwenyekiti Leodgar asubuhi ya Jumanne, mke wa mwenyekiti alipokuwa akianika dagaa uani. Alitua kwenye kisahani cha intaneti. Ndani ya nyumba mwenyekiti alikuwa ndio kwanza amewasha kompyuta yake. Kunguru akanyoosha shingo, akafumbua mdomo, akasema kwa sauti ya mtu mzima mwenye mafua: "Mkeka wa Leo." Mke wa mwenyekiti akamtupia ufagio kwa sababu alikuwa karibu mno na dagaa. Kunguru akaruka kidogo, akarudi palepale, akasema tena: "Mkeka wa Leo."

Mkeka wa Leo ni mahali pa kubashiri mechi mtandaoni, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa akiwakusanya vijana wa mtaa kuwahutubia juu ya ubaya wa kamari. Vijana wawili walikuwa wakipita na madumu ya maji. Walisikia, wakatazamana, wakaendelea na safari yao kwa sababu madumu yalikuwa mazito.

Kufika adhuhuri kila kisahani cha mtaa ule wa Ujiji kilikuwa na kunguru wake, wale wenye kizibao cheupe kifuani ambao siku zote hushinda mwaloni kwa wavuvi wakigombea matumbo ya samaki, ile migebuka ya ziwani. Kompyuta ya nyumba ikifungua ukurasa, kunguru wa nyumba hiyo hutaja jina la mahali panapofunguliwa. Walitaja jina tu, kama mtu anayesoma kibao juu ya mlango. Yaliyomo ndani hawakuyasema. Juu ya nyumba ya Shadya, mshonaji, kunguru alisema "Ng'aa Upesi," na Shadya ndiye anayeapa kwa jina la marehemu bibi yake kwamba weupe ule ni wa kurithi. Juu ya nyumba ya Abdulkarimu, mfanyabiashara wa vitenge, kunguru alisema "Nguvu Maradufu," asubuhi na tena jioni.

Hakuna aliyeshangaa. Ujiji ni mji mkongwe, umeona mengi, na ndege anayesema si jambo la kumfanya mtu aache uji upoe. Watu walikasirika, ndiyo, lakini walikasirika kwa namna ya mtaa ule: kila mmoja alimchukia kunguru wa paa lake na akamtegea sikio kunguru wa jirani. Viti vya plastiki vilihamishiwa barazani. Wanaume waliokuwa na kazi mjini Kigoma wakaanza kuumwa viuno ili wabaki nyumbani kusikiliza.

Mtu pekee aliyeumia kweli alikuwa Hamdani. Huyu ndiye mwenye mnara, na ndiye aliyewauzia wote vile visahani na intaneti inayopita humo. Kompyuta, pamoja na ujuzi wake wote, haijui njia. Ukiiambia ikupeleke mahali, huuliza kwanza, "Fulani anakaa wapi?" na swali lenyewe hupita wazi kwenye mnara wa Hamdani, nyumba baada ya nyumba. Kwa miaka mingi Hamdani alikuwa amekaa mbele ya kioo chake akisoma maswali ya majirani zake huku akinywa kahawa. Akija barazani alikuwa na mazoea ya kusema, "Msimwone yule vile," kisha anacheka, na wenzake wanacheka naye bila kumuuliza amejuaje. Sasa kunguru walikuwa wanagawa bure kwa kila mtu kitu alichokuwa akikifaidi peke yake. Alizunguka mtaani uso ameukunja kama mtu aliyeibiwa kuku.

Baada ya kunguru kila mtu alijua Hamdani alikuwa akijulia wapi mambo yao. Hakuna aliyemwendea kumuuliza. Walimsalimia kwa adabu zaidi kuliko zamani, wakamnunulia kahawa, na wale waliokuwa wakimwita Hamdani tu wakaanza kumwita Bwana Hamdani.

Mwasiti alikuwa ndani ya eda wakati huo. Mumewe Athumani, mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mvua zilipoanza, na mjane wa Kiislamu akiwa edani hatoki nyumbani ila kwa dharura, wala haketi na wanaume wasio maharimu wake. Mwasiti alikuwa mtu wa soko. Miaka yake yote aliuza mafuta ya mawese katika soko la Mwanga, mjini Kigoma, kwa madebe, na tofali za nyumba ile zilinunuliwa kwa mawese hayo, kwa sababu mshahara wa mwalimu Athumani uliishia dukani kabla mwezi haujaandama. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulikuja siku ya kuezeka, ukashika mabati upande huu na upande ule, kisha ukala ubwabwa wa Mwasiti hadi ukoko. Hati ya kiwanja, hata hivyo, ilikuwa na jina la Athumani peke yake, kwa kuwa siku ya kuandikisha Mwasiti alikuwa sokoni akitafuta hela za kuandikishia.

Abdulkarimu, mdogo wa marehemu, alikwisha kusema matangani kwamba nyumba ni ya ukoo. Aliyasema hayo akiwa na pande la nyama mkononi. Eda ikiisha, alisema, ukoo utakaa kikao na kuchagua msimamizi wa mirathi. Hakuhitaji kusema atachaguliwa nani.

Mwasiti hakuweza kwenda mjini kumtafuta wakili, basi akakaa mbele ya kompyuta aliyoiacha mumewe. Alitafuta kwa subira ya mtu aliyezoea kuchuja mawese, hadi akapata mahali panapoitwa Mlango wa Mjane, ambapo wanasheria hujibu maswali ya wanawake bila malipo. Akapafungua. Juu ya paa kunguru wake akasema, "Mlango wa Mjane." Ng'ambo ya njia, kwenye baraza la Shadya, Abdulkarimu akaweka kikombe chini.

Alifika alasiri hiyo na kilo ya sukari, akasimama nje ya pazia la mlango.

"Hodi. Shemeji, poleni na eda."

"Tumeshapoa, shemeji. Tunamshukuru Mungu."

"Nasikia umekwenda kubisha kwenye mlango wa watu."

"Sijatoka, shemeji. Nipo hapa hapa."

"Kunguru hana sababu ya kukusingizia." Abdulkarimu akapitisha sukari chini ya pazia. "Sisi ni watu wazima. Ile hati ya kiwanja nipe mimi niitunze. Nyumba isiyo na mwanamume haina usalama."

"Sijui marehemu aliiweka wapi," alisema Mwasiti, aliyekuwa ameikalia.

Abdulkarimu akamtakia subira njema, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo. Kikao ambacho kingengoja hadi baada ya mfungo wa Ramadhani kikavutwa karibu, kikawekwa siku ileile eda itakapokwisha. Mwasiti alipopata habari alielewa kwamba kila swali atakaloliuliza litamfikia shemeji yake kabla jibu halijamfikia yeye. Akamwita Diana.

Diana ni fundi kompyuta wa Mwanga, ana kibanda kati ya duka la vitenge na mama muuza vitumbua. Alikuja na bajaji, akavua viatu mlangoni, akamtazama kunguru juu ya kisahani kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha.

"Salama, mwanangu. Huyu anaweza kunyamazishwa?"

"Yeye hana kosa. Anasoma kinachopita." Diana akaketi mbele ya kompyuta. "Hili swali la njia linaitwa DNS. Yako inauliza wazi, kila mtu njiani anasikia. Nitaifanya iulize kwa fumbo. Wanaita kusimba. Swali linafungwa hapa hapa kwako, linafunguliwa kule kwa unayemuuliza."

"Na Hamdani?"

"Hamdani ataona kuna kitu kimepita. Swali hatalisikia. Ila akichungulia sana anaweza kuona ulikoelekea, nisikudanganye." Alikuwa anabonyeza huku anasema. "Na yule unayemuuliza, yeye anasikia kila kitu, mama. Lazima asikie ndiyo akujibu. Kwa hiyo mchague asiyekujua na asiyekuwa na haja na wewe."

Kazi haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Mwasiti akafungua Mlango wa Mjane. Juu ya paa kunguru akanyoosha shingo, akafumbua mdomo wake wote, hadi ndani pekundu pakaonekana. Hakikutoka kitu. Akafumba, akajaribu tena, kisha akaanza kujichokonoa manyoya ya ubawani.

Tangu hapo Mwasiti akaandikiana na wanasheria kwa amani. Walimwambia kwamba jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Mke aliyechangia kujenga ana haki yake, na ukoo hauwezi kuipangusa kwa kikao. Walichohitaji ni majirani wawili tu wa kusema, mbele ya kikao na baadaye mahakamani, kwamba walimwona akinunua tofali na kulipa mafundi. Mwasiti alicheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Majirani wawili! Angeweza kutoa mtaa mzima. Sufuria alilopikia ubwabwa ule wa kuezeka lilikuwa bado halijarudi kutoka kwa walioliazima.

Lakini mtaa ulikuwa na shughuli nyingine. Mtaa uliokwisha kuzoea kunguru wanaosema haukuweza kumvumilia mmoja asiyesema. Watu waliacha kuwasikiliza wengine wote, wakageuza viti vyao kuelekea kwa Mwasiti. Walikaa wakitazama ule mdomo ukifunguka na kufumba bila neno, na ikawanyima usingizi. Mjane, tena edani, ana nini cha kuficha? Mwenyekiti Leodgar mwenyewe, ambaye kunguru wake alikuwa ametaja Mkeka wa Leo siku hiyo mpaka sauti ikamkauka, alisema kimya kile kinahatarisha maadili ya mtaa. Akaitisha mkutano.

Ajenda ilikuwa moja: kunguru wa Mwasiti anasema nini. Mwasiti hakualikwa, kwa kuwa yuko edani na mtaa ule unaheshimu sana dini za watu. Hamdani aliitwa kama mtaalamu. Alisimama, akajikohoza.

"Kwangu inapita kama mzigo uliofungwa kamba," alisema. "Siwezi kuufungua. Lakini jamani, nawauliza, mtu mwema anafunga mzigo wa nini?"

Watu wakatikisa vichwa kwa uchungu. Miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja anayelala mlango wazi. Abdulkarimu akasema hapendi kumsema vibaya mke wa marehemu kaka yake, kisha akapendekeza kwamba kunguru anasema "Mchumba Chapchap." Mtu mwingine akapendekeza "Nyumba Zinauzwa." Bibi mmoja akauliza kama haiwezekani kwamba kunguru hasemi kitu chochote, akaambiwa aketi. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. "Mchumba Chapchap" ikashinda, na mwenyekiti akatangaza rasmi kwamba hivyo ndivyo kunguru wa Mwasiti anavyosema. Wakapiga makofi, wakatawanyika wakiwa wametulia. Tangu siku hiyo mdomo wa kunguru ulipofunguka walisikia wazi kabisa.

Kesho yake Shadya alikuja kwa Mwasiti, akipitia mlango wa jikoni. Alikuwa amejifunika mtandio hadi machoni, kana kwamba mtaa haujui mwendo wake.

"Dada Mwasiti, nina shida ndogo. Yule binti aliyemfunga mdomo kunguru wako, ninaweza kupata namba yake?"

"Utaipata. Na mimi nina shida ndogo. Ukoo ukikaa, uje useme ulichokiona siku zile za kujenga."

"Nilichokiona kipi?"

"Tofali, Shadya. Wewe ulihesabu na mimi zilipokuwa zinashushwa."

"Nilihesabu, mbona. Na ubwabwa nilikula, siwezi kukana." Shadya alitazama chini kwenye jivu la jiko. "Lakini dada, unanijua mimi. Mimi si mtu wa maneno. Mambo ya watu ni ya watu."

Mwasiti alikasirika. Hata hivyo akampa namba, kwa sababu alilelewa vizuri na kwa sababu alikuwa bado anatumaini. Baada ya Shadya waliingia wengine kwa mlango uleule wa jikoni, mmoja mmoja: fundi aliyesimamia ukuta, jirani aliyeazimisha toroli, mke wa mwenyekiti. Wote waliipigia kura "Mchumba Chapchap," wote walitaka namba ya Diana, na wote, walipoulizwa juu ya nyumba, walikumbuka kwamba wameacha sufuria motoni. Hamdani ndiye aliyewaona wakitoka. Mtu huyu hakuhitaji kunguru kumwambia biashara imekaa wapi.

Wiki hiyo akatangaza huduma mpya, akaiita Kifurushi cha Stara. Ilikuwa kazi ileile ya Diana: swali la kompyuta linafungwa nyumbani, linapita kwa fumbo, kunguru haambulii kitu. Tofauti ilikuwa moja. Aliyekuwa anaulizwa njia, ambaye kwake fumbo linafunguliwa, alikuwa Hamdani mwenyewe. Diana aliposikia alipanda bajaji kutoka Mwanga, akasimama mbele ya baraza kuwaeleza.

"Mnafunga mlango halafu ufunguo mnampa yuleyule mliyekuwa mnamkimbia," alisema.

"Hamdani ni mtu wetu," walimjibu. "Anatujua."

"Hilo ndilo ninalolisema."

Walimwonea huruma, mtoto wa watu anayeona wivu wa biashara. Diana akarudi kwenye kibanda chake. Nyumba baada ya nyumba zikalipia Kifurushi cha Stara, na nyumba baada ya nyumba kunguru wakafumbua midomo bila sauti. Wakakaa hivyo siku moja, wakionekana wajinga, kisha wakaruka kwa pamoja, wote isipokuwa wa Mwasiti, wakahamia kwa Hamdani. Walijipanga kwenye ukingo wa dirisha la chumba anachokaa na kioo chake, wengine mgongoni mwa kiti, na mmoja begani. Huko sauti zao zikarudi. Walimwambia majina yote taratibu, karibu na sikio, na Hamdani akamwaga kahawa ya zamani akapika mpya. Alinenepa kidogo mwaka ule.

Eda ya Mwasiti iliisha siku ya Alhamisi. Alioga, akavaa khanga mpya, akatandika mikeka yake sebuleni ili ukoo upate pa kukaa. Abdulkarimu alikalia kiti cha marehemu. Mwenyekiti Leodgar alihudhuria kwa niaba ya serikali ya mtaa, na majirani walijaa mlangoni na madirishani, kwa sababu watu wale hawakosi jambo. Mwasiti alisema maneno yake kwa ufupi. Nyumba hii ameijenga pamoja na mumewe, kwa mawese ya Mwanga, na walioshuhudia wako hapa. Hakuwataja majina. Aliwapa nafasi wajitaje wenyewe.

Mzee wa ukoo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akageuka kwa majirani.

"Yupo anayejua lolote juu ya ujenzi wa nyumba hii?"

Mtaa ule ulikuwa umejua mchumba wa kila binti na deni la kila duka. Ulikuwa umepiga kura juu ya maneno ya ndege. Shadya alitazama dari, ile dari aliyoipigia vigelegele ilipokamilika. Fundi wa ukuta alitazama ukuta. Mwenyekiti alikunja mikono tumboni. Kunguru wa Mwasiti alisikika akitembea juu ya bati, ukucha kwa ukucha.

"Basi," alisema mzee, na sauti yake haikuwa na furaha. Abdulkarimu akawa msimamizi wa mirathi. Sababu iliyotajwa ilikuwa mwenendo wa mjane wakati wa eda, kama ulivyothibitishwa na mkutano halali wa mtaa.

Mwasiti akapewa hadi kesho yake, Ijumaa, awe amehama. Alihamia chumba kimoja Mwanga, nyuma ya ghala la mawese, na kompyuta ya mumewe akaifunga ndani ya khanga akaipakata njia nzima. Kunguru alimfuata akiruka juu ya bajaji. Sasa anakaa kwenye kisahani juu ya ghala, na Mwasiti anapowaandikia wanasheria anafumbua mdomo, hakitoki kitu, na hakuna anayemtazama kwa sababu Mwanga watu wako sokoni wanatafuta riziki. Wanasheria ni waungwana, wanajibu kila mara. Pingamizi limekwisha kuandaliwa, linangoja mashahidi wawili. Mwasiti ameshawapigia simu majirani wote wa zamani. Wanampokea vizuri, wanamuuliza afya, wanamwambia Ujiji kumepoa tangu aondoke.

Abdulkarimu alihamia kwenye ile nyumba mwezi uleule. Alipaka ukuta rangi ya kijani, akaweka kisahani kipya, akalipia Kifurushi cha Stara. Jioni ya kwanza alifunga mlango, akawasha kompyuta, akaandika jina alilolizoea. Juu ya paa lake hapakuwa na ndege hata mmoja. Mwisho wa mtaa, begani kwa Hamdani, kunguru akainama akasema, "Nguvu Maradufu," na Hamdani akatikisa kichwa polepole, akanywa funda la kahawa.

Shadya na mke wa mwenyekiti walikuwa wakipita wakati huo, wametoka kisimani na ndoo zao. Walisimama wakatazama lile bati tupu, walilolishika wenyewe kwa mikono yao siku ya kuezeka.

"Nyumba imepata utulivu," alisema Shadya. "Sasa ndiyo unajua humu anakaa mtu wa heshima."